Jani Lisilokubali Fundo

1

Kibanio cha kupimia kiu ya majani kilisoma sabini na nane. Nikakirudisha mfukoni haraka kabla mdogo wangu hajaiona namba.

"Mashine yako inasemaje?" akauliza Aisaria.

"Inasema masale yana kiu."

"Hata mbuzi angekuambia hivyo, mwalimu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka kumi na miwili. Niliposhuka kwenye gari la waya na kupanda hadi kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwetu, mimi mkubwa ndiye niliyetangulia kuamkia. "Shimbonyi?" nikasema, kama mama alivyotufundisha. Yeye akavitazama viatu vyangu, akachukua ndoo yake, akaendelea kumwagilia. Nikamfuata nyuma kama bwana afya. Na sasa ananiita mwalimu. Ni kweli mimi ni mwalimu wa majani, nina cheti na sare ya kijani. Lakini mtu niliyembeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuzika chini akiniita mwalimu badala ya dada, najua ananitukana.

Masale yalikuwa saba. Zamani mpaka mzima wa kihamba chetu ulikuwa masale, kuanzia njia ya juu hadi kwenye mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na mababu, ambao sasa ni mtaro mkavu wa mijusi. Hakuna aliyewahi kuyahesabu. Nani anahesabu matofali ya nyumba anayoishi? Haya saba yalikuwa yameegemea ukuta wa mawe, mashina membamba yenye shungi la majani kileleni, na karibu kila jani limeungua kuanzia ncha hadi katikati. Chini ya kila shina Aisaria alikuwa amepanga mawe kwa duara ili maji yasipotee. Mawe yale yalikuwa yameota ukungu wa kijani kwa kumwagiwa kila siku.

"Ni ya mwisho mlima mzima," nikasema. "Ambayo hayajafundishwa, namaanisha. Mengine ama yamekufa ama..."

"Ama mmeyafundisha."

"Ama tumeyafundisha na yako hai, Aisaria. Kiu ikifika tisini, ile mirija midogo ndani ya jani inakatika. Hapo hata ukiyaletea mto mzima hayanywi. Nimekuja na fomu. Siku hizi hatugusi mmea bila dole gumba la mwenye kihamba."

"Siku hizi," akasema.

Akamimina maji yaliyobaki kwenye shina la saba, akakung'uta ndoo hadi tone la mwisho, akaenda zake nyumbani. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Mlango aliuacha wazi, nikaona niuhesabu kuwa karibu.

2

Siku ya kwanza chuoni walitupangia majani matano mezani, wakatuambia tuseme kila moja limetoka wapi. La kwanza lilikuwa pana na laini, ncha yake imechongoka kama mdomo wa birika: hilo limetoka msitu wa mvua, ambako jani hutafuta mwanga kwa upana wake wote, na ncha huchuruzisha maji lisiote ukungu. La pili lilikuwa limegawanyika vijani vidogo vinavyojikunja jua likikaza: nyika. La tatu halikuwa jani bali mwiba, kwa sababu jangwani shina hufanya kazi ya jani na jani hubaki kuwa mlinzi. La nne lilikuwa na manyoya kama blanketi, la juu kabisa mlimani, kwenye baridi. La tano lilijaa hewa ndani, la kinamasi.

Wenzangu waliandika daftari zikajaa. Mimi sikuandika kitu. Mtu aliyekulia kihambani hahitaji kuelezwa kwamba jani ni mazungumzo kati ya mmea na hewa ya mahali. Lazima lifungue vitundu vyake livute hewa, na kila likifungua, maji hutoka. Kwenye unyevu linaweza kuwa na mkono mpana na mdomo mrefu. Kwenye ukame linajifunza kubana.

Kisha ukaja wino, dawa ya kufundishia mimea. Tone moja kwenye kichomozi, pale ambapo majani yasiyozaliwa bado yamelala yameviringika, na mmea unakumbuka maumbo ya mababu zake wa mbali, unachagua linalofaa hewa mpya. Majani yaliyokwisha kufunguka hayabadiliki. Hayo yameshakuwa watu wazima. Wanaobadilika ni watoto. Na mmea uliofundishwa haurudi. Tulisema hivyo kwa fahari, kama watu wanaosifia rangi isiyochuja.

Wingu lilipohama mlimani, likapanda juu na kutuacha chini yake, mimi nilikuwa na miaka arobaini na mbili na chupa yangu ya kwanza ya wino.

Nataka kukieleza kihamba cha mama kilivyokuwa, maana hakuna picha inayotosha. Juu kulikuwa na miti mirefu michache. Chini yake migomba, majani mapana kiasi kwamba moja lilitosha kutufunika mimi na Aisaria mgongoni mwangu. Chini ya migomba ilikuwa kahawa, na chini ya kahawa magimbi, na chini ya magimbi udongo mweusi ambao jua lilikuwa halijawahi kuuona. Mwanga wa mle ulikuwa wa kijani. Hata meno ya mtu akicheka yalikuwa na ukijani. Mvua ilianzia juu. Tulikuwa tunaisikia ikipiga migomba, nasi tunaendelea kucheza bao chini, na mpaka tone la kwanza litufikie mchezo ulikuwa umekwisha na Aisaria analia kwa kushindwa. Mama alikuwa na kigoda chake katikati, mahali pamoja tu, na alijua saa kwa namna majani yalivyokuwa yamelegea. Naikumbuka harufu ya pale kuliko ninavyoikumbuka sauti yake, na hilo linaniumiza.

Basi nikaja Jumamosi moja. Mama alikuwa kwenye kikao cha kina mama, Aisaria ameshuka Moshi. Migomba ilikuwa imeanza kunyauka. Nikaweka tone moja kwenye mgomba mmoja, ule wa karibu na kigoda. Nilitaka iwe zawadi. Nilidhani nitawashangaza.

Mgomba hauishi peke yake. Chini ya ardhi shina mama na machipukizi ni kitu kimoja, na wino ukatembea kwa mizizi kutoka shina hadi shina. Miezi mitatu baadaye migomba yote ya kihamba ilikuwa imetoa majani membamba, yenye nta, yaliyosimama ubavu ili jua lipite kando. Haukufa hata mmoja. Idara ikaipiga picha, ikaiweka kwenye kitabu cha mafunzo.

Hakuna mtu idarani aliyeuliza kuhusu kivuli. Mimi pia sikuuliza, mimi niliyelelewa ndani yake. Jua likaingia hadi chini kwa mara ya kwanza tangu babu wa babu yetu apande shina la kwanza. Kahawa ikaungua. Magimbi yakafuata. Udongo ukapasuka, na kigoda cha mama kikabaki juani.

Mwaka uliofuata nikiwa kituoni Kahe nilipata ujumbe wa Aisaria: "Mama tumemzika jana." Maneno matatu. Sikuthubutu kuuliza lolote. Nilijua ananiadhibu, na nilijua nastahili.

3

Jioni ile tulikula ndizi za kupika, kutoka migomba ileile niliyoifundisha. Zilikuwa nzuri. Hakuna aliyezisifu. Kigoda cha mama kilikuwa ndani, kimeegemezwa ukutani, na hatukukikalia.

Nilikuwa nimejiandaa. Kwetu ukimkosea mtu unachukua jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Huna haja ya hotuba. Na anayepelekewa haruhusiwi kulikataa, hata kama umemuulia ng'ombe, hata kama umemuulia ndugu. Mababu walitulizana kwa jani hilo wakati ambapo hakuna neno jingine lingeweza kusikika. Miaka kumi na miwili nilikosa jani, na kusema kweli nilifurahi kukosa, kwa sababu mtu asiye na jani ana kisingizio.

Halafu nikafaulu. Kule Kahe, kwenye bustani ya kituo, nililea isale lililofundishwa mpaka likavumilia miezi minane bila tone la maji. Kila aliyepita alilistaajabia. Asubuhi ya safari nililikata jani lake zuri kuliko yote, nikalifunga kwenye kitambaa kibichi.

Nikalitoa sasa, nikalikunjua mbele ya taa. "Aisaria, nimekuletea isale."

Akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu nifike alinitazama usoni. Nikaona mkono wake ukianza kujiandaa kupokea, kama tulivyolelewa.

Nikashika ncha na kitako, nikapinda ili nifunge fundo mbele yake.

Likalia tak! Likawa vipande viwili.

Nilikuwa nimelipima jani lile kila kitu. Unene wa nta yake, idadi ya vitundu vyake, kina cha mfereji wake, kiu yake saa sita mchana na alfajiri. Miaka minne ya vipimo. Sikuwahi kujaribu kulifunga. Nikachukua kipande kirefu nikajaribu tena, na hicho nacho kikavunjika.

Aisaria aliokota vipande, akavipanga mezani kimoja baada ya kingine.

"Hizi ni kuni," akasema.

"Ni isale. Damu yake ni ileile. Ukilichunguza ndani..."

"Mwalimu, mimi sichunguzi ndani. Isale ni lile linalofungika." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Unataka nikuwekee dole ili yale saba nayo yawe hivi? Yaishi miaka mia, na mtu akimkosea mwenzake ampelekee nini?"

"Yakifa atampelekea nini?"

Siku zote kwenye kazi yangu nilikuwa nimeuliza swali moja tu: mmea utaishi au hautaishi? Pale mezani niliona swali la pili, la mmea utaishi ukiwa nani, na nikaona aibu kwamba nimelifikia nikiwa na miaka hamsini na sita, mbele ya mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

4

Asubuhi nilimkuta ukutani amesimama na kisu.

Kwenye masale yote saba kulikuwa na jani moja tu lililo zima, la kijani hadi ncha, kwenye shina la nne. Nililiona jana na nililipima. Ndilo lililokuwa likifanya kazi ya kulilisha shina lile zima. Aisaria alilishika kitako.

"Usilikate!" nikapiga kelele. "Aisaria, hilo ndilo linalo..."

Akalikata.

Nilikimbia kama ninavyoweza kukimbia kwa magoti yangu. Nilipofika alikuwa amekwisha kulipinda. Jani likazunguka, likaingia ndani yake lenyewe, likakaza bila kulalamika. Fundo zuri, bapa, kama yale aliyokuwa anafunga babu. Akalishika kwa mikono miwili, akainama, akanipa mimi.

"Pokea, dada."

Sikuelewa. Mkosaji nilikuwa mimi. Nilisimama mikono ikining'inia, naye hakuinua kichwa.

"Mama hakufa ghafla," akasema akiwa ameinama hivyohivyo. "Aliugua siku kumi na tisa. Kila siku alikuwa ananiuliza, Umemwita Ndeshi? Namwambia nimemwita, nami sijakuita. Anasemaje? Namwambia gari la waya limeharibika, anakuja kesho. Kesho yake namwambia kuna ukaguzi kazini. Siku nyingine namwambia yuko njiani. Siku ya mwisho aliniambia nikutandikie kitanda cha dirishani, maana wewe hupendi giza. Nikatandika. Nilikuwa na hasira, dada. Kihamba kilikuwa kinaungua mbele yangu kila siku. Nikasema moyoni, na Ndeshi aonje kukosa kitu. Nilidhani kutakuwa na siku ya ishirini."

Ndege mmoja alikuwa analia kwenye migomba yangu myembamba. Nakumbuka nilimsikiliza kwa makini sana, kama mtu aliyepewa kazi ya kumsikiliza.

"Ndiyo maana niliyamwagilia haya," akaendelea. "Watu wanadhani ni kwa sababu ya mila. Hata wewe umedhani hivyo. Nilikuwa nahitaji jani moja tu la kukuletea. Kila mwezi nasema mwezi ujao nitashuka Kahe. Jana umekuja mwenyewe, nikashindwa hata kuitikia salamu."

Nilitaka kulitupa. Nisiseme uongo hapa. Nilitaka kulichukua jani lile nilikanyage, nimwambie kwamba miaka kumi na miwili nimeamka kila siku nikijua mama alikwenda bila kunikumbuka, kumbe kitanda kilikuwa kimetandikwa. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Lakini isale halikataliwi. Halisemi usikasirike, halisemi usilie, linasema tu upokee. Mengine mtayamaliza mkiwa upande mmoja. Mikono yangu ilijua hilo kabla yangu. Ikapokea.

Tukakaa juu ya ukuta wa mawe. Nililia mpaka nikachoka, naye akalia kidogo kwa upande wake, akijifanya anapangusa kisu.

Baadaye alisimama, akachukua fomu kwenye mkoba wangu, akabonyeza dole gumba pale panapotakiwa. "Haya, yafundishe. Kazi niliyoyawekea imekwisha. Afadhali yaishi, hata yakiwa kuni."

Nikatoa chupa ya wino. Nikapanda kwenye jiwe, nikapanua shungi la shina la nne ili nifike kwenye kichomozi. Kibanio kilisoma themanini na moja. Mkono wangu ulikuwa tayari na tone lilikuwa limening'inia kwenye ncha ya bomba.

Ndani mle, katikati ya majani yaliyoungua, kulikuwa na jani changa. Lilikuwa bado limeviringika, lenye rangi ya kijani kibichi kabisa, refu kama kidole changu cha kati. Bila wino, kwa mahesabu yangu, baada ya wiki tano lingefunguka jani pana, la kufungika. Nikiliwekea wino, lingefunguka jembamba, lenye nta, na mashina mengine yote yangefuata kupitia mizizi, na mlimani kusingekuwa tena na jani la kufunga fundo. Nikisubiri hizo wiki tano, kiu ingeweza kufika tisini na masale yote yakafa pale mikononi mwetu.

Saa ya mkononi ikalia. Alikuwa Bwana Hiza, mkubwa wangu kituoni.

"Mwalimu Ndeshi, habari za mlimani? Umemaliza?"

"Bado."

"Mwenyewe amekataa?"

"Mwenyewe ameweka dole. Mwalimu ndiye hajawa tayari. Naomba wiki tano."

Ni mtu mwema, hapendi kugombana. "Namba zinasemaje?"

"Themanini na moja."

"Utayapoteza, mama. Unajua utayapoteza."

"Inawezekana," nikasema. "Safari hii nitakuwepo."

Nikarudisha tone ndani ya chupa, nikafunga kifuniko, nikashuka kwenye jiwe nikishikilia bega la mdogo wangu. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeona mbuzi akifungua mlango.

"Si nimeshakupa dole? Unangoja nini?"

"Wewe umeshanipa jani la kwako," nikamwambia. "La kwangu bado halijafunguka."

Alielewa polepole. Akatazama juu kwenye shina la nne, halafu migomba myembamba nyuma yetu, halafu jua, ambalo lilikuwa tayari kali. Tangi la maji ya nyavu za kunasa ukungu liko juu, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye magoti mazima.

"Ndoo ya pili iko wapi?" nikauliza.

"Ya pili inavuja, dada."

"Basi tutatembea haraka."